Kipande cha Pipa

Kopo lenyewe lilikuwa la biskuti, la bati, na mfuniko wake ulikuwa na maua yaliyokwaruzika. Zamani nilikuwa nikiwekea humo sindano na nyuzi, kisha likapotea nyumbani nikafikiri watoto wamelitoa nje. Nilipoliona tena lilikuwa chini ya kitanda, upande wa Makori, limesukumwa mpaka ukutani nyuma ya viatu vyake vya kanisani, viatu ambavyo havikuwa vikisumbuliwa sana.

Nilikuwa nafagia. Nilipolivuta halikutoa mlio wa sindano. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na vipande vya filamu, vingine virefu kama kidole, vingine vifupi kuliko ukucha, vimelaliana kama majani makavu.

Ningevipata mwaka mmoja kabla ya hapo ningewapa watoto wachezee. Lakini hiyo ilikuwa Juni ya mwaka 1972, na wiki hiyohiyo kambi yetu nzima ya kiwanda cha chai ilikuwa ikisema kwamba mume wangu anakata sinema.

Makori alikuwa mtu wa kiwandani, upande wa draya, ile mashine inayopuliza hewa ya moto na kuyakausha majani ya chai kabla ya kuchambuliwa. Hiyo ilikuwa kazi yake ya siku sita. Kazi ya pili, ambayo aliipenda kuliko ya kwanza, ilikuwa ya Jumapili alasiri: kuonyesha sinema katika holi la kambi. Alipelekwa Nakuru wiki mbili kujifunza mashine, na aliporudi tulihamishiwa nyumba ya mwisho ya laini ya saba, maana safu za nyumba za kambi tuliziita laini, karibu na holi, ili mashine isiwe mbali na mwenyewe. Nyumba hiyo ilikuwa na vyumba viwili. Wengine wote katika laini yetu walikuwa na kimoja. Kila mtu alijua kwamba Makori akiondolewa kwenye mashine, chumba cha pili kinaondoka naye, na sisi tulikuwa na watoto wanne.

Sinema tuliyokuwa nayo ilikuwa ya Wamarekani wa farasi na bastola, ila ya kuchekesha, na ilikuwa kuukuu tangu siku ilipotufikia. Iliteremshwa stesheni ya Kipkelion pamoja na vipuri vya kiwanda, mikebe mitatu iliyobonyea. Nadhani ilikuwa imekwisha kuzunguka nchi nzima kabla ya mtu kukumbuka kwamba Kericho nako kuna watu. Picha zake zilikuwa na mistari mirefu kutoka juu hadi chini, hata ukadhani kule kwao mvua hainyeshi ila inasimama. Sauti ilikuwa ya kukoroma, na holi letu lilikuwa la mabati. Mvua ya alasiri ikianza, na Kericho mvua ya alasiri haihitaji kualikwa, hatukusikia neno. Ikija mvua ya mawe hata Makori mwenyewe aliizima sauti akaacha midomo iende tu.

Kwa hiyo sauti ya sinema tuliipata kwa Hezekiah. Huyu alikuwa msimamizi wa sehemu ya kunyaushia majani, mtu wa Merigi, mrefu, na koo lake lilikuwa na nguvu kuliko kipaza sauti. Magunia yakishatundikwa madirishani kuzuia mwanga, yeye alisimama kando ya lile shuka jeupe akatueleza kila kitu kwa Kiswahili, na kwa Kikipsigis pale wazee walipotaka. Kiingereza cha watu wale hakukielewa kutuzidi. Alibuni tu. Mkuu wa polisi wa mji wa kwenye sinema, mzee mnene mwenye masharubu, yeye alimwita Chifu, na kila neno alilomtilia mdomoni lilitufaa.

Kulikuwa na mahali pamoja ambapo palipendwa kuliko pengine pote. Chifu anaoga ndani ya pipa nyuma ya nyumba. Punda anakuja polepole na kula suruali yake iliyotundikwa. Wezi wanatokea. Chifu anashindwa kutoka, basi anasimama na pipa lenyewe mwilini na kukimbia nalo, anapenya mlango wa baa ambamo wanawake wanacheza huku wameinua marinda, na wanawake hao wanaanza kumfukuza wakimpiga kwa viatu. Hapo holi lilikuwa likitikisika. Kisha Hezekiah aligeuka akapaza sauti, "Makori, tumetosheka?" na watu mia mbili wakajibu, "Rudisha!"

Makori alikuwa akirudisha. Mashine yake ilikuwa na swichi ya kwenda kinyume. Chifu alitoka baa kwa mgongo, akarudi ndani ya maji, punda akatapika suruali, halafu tukaanza upya. Mara tatu, mara nne. Siku ya Krismasi tulirudisha mpaka taa ya mashine ikanuka moto. Sinema yenyewe watu waliiita Pipa, jina lake la kweli sikuwahi kulijua.

Katika masika ya mwaka 1971 filamu ilishika ukungu. Nakumbuka Makori akiweka mkebe mmoja juu ya meza nami nikisonga ugali. Aliufungua akaniita nione. Gurudumu lote lilikuwa na vumbi jeupe kama mkate uliosahauliwa.

"Ndiyo maana sauti inakaanga," alisema. "Umesikia Jumapili? Kama mafuta kwa karai."

"Majani yakiwa na maji huko kwenu mnafanya nini?" nikamwuliza. "Si mnakausha?"

"Filamu si majani, Mama Gekara."

"Hata wimbi ukishika ukungu tunauanika. Kitu chenye maji ni kitu chenye maji."

Alicheka, akafunga mkebe. Mimi nikapakua ugali nikasahau.

Baada ya wiki chache picha zikawa safi. Ukungu ulitoka, na kwa mara ya kwanza tulisikia kumbe kuna muziki wa kinanda katika baa ile. Watu walimpongeza Makori njiani. Hali ikawa hivyo mpaka mwaka mpya. Halafu, kama mwezi wa pili, picha ikaanza kutetemeka. Mji mzima wa Chifu ulicheza kana kwamba umejengwa juu ya trekta. Kinanda kikawa kinayumba, kinapanda na kushuka kama mtu anayeimba akitetemeka kwa baridi. Na baadaye mambo yakaanza kuruka. Chifu yuko ndani ya pipa, mara yuko mlangoni. Jumapili iliyofuata yuko ndani ya pipa, mara yuko katikati ya wanawake. Jumapili nyingine ameshavaa, yuko juu ya farasi, na marinda hatukuyaona.

Mwanzoni ilikuwa mzaha. Niliusikia shambani, kwa Nyanchoka, jirani yangu tuliyechuma naye mistari miwili iliyopakana.

"Mama Gekara, bwana yako ameokoka lini?"

"Kwa nini?"

"Naona marinda yanashuka. Mwezi jana yalikuwa magotini. Sasa yamefika kwa viatu. Mwezi ujao hao wanawake watatoka wamevaa nguo za kwaya."

Wachumaji wengine wakacheka. Nami nikacheka. Sisi tulikuwa watu wa Sabato, hilo lilijulikana, na pasta wetu alishawahi kusema mbele ya kanisa kwamba ndani ya holi lile kuna mambo yasiyofaa macho ya Mkristo. Mtu akiyaweka hayo mawili pamoja anapata jibu bila kutoka jasho. Kufikia Mei hakuna aliyecheka tena. Watu walitoka holini wakinung'unika, wakipita nyumba yetu ya mwisho, na wengine walinung'unika kwa sauti ili tusikie.

Hezekiah ndiye aliyekuja mlangoni. Alikaribishwa chai akaikataa, na yeye hakuwa mtu wa kukataa chai.

"Makori, niambie kama rafiki. Ni pasta amekutuma?"

"Filamu inakatika yenyewe, Heze. Ikikatika naiunga kwa gundi. Kila nikiunga lazima kipande kidogo kipotee."

"Inakatika yenyewe. Na inajua pa kukatikia. Haikatiki kwa farasi. Haikatiki kwa jangwa, na jangwa ni refu, hata mimi nachoka nalo. Inakatika kwa wale wamama tu."

"Ndivyo ilivyo."

"Na mbona unakata mara mbili? Picha inaruka, halafu nikishavuta pumzi sauti nayo inaruka. Nimesimama pale mbele, naona."

Makori akachukua kijiko na kamba ya kiatu kumwonyesha. Filamu inapita kwanza mbele ya taa ya picha, alisema, kisha inateremka na kupita mbele ya taa nyingine ndogo inayosoma sauti. Kati ya taa na taa kuna umbali kama wa kiganja. Kwa hiyo kovu likiwa moja, picha inalifikia mapema na sauti inalifikia baadaye.

Hezekiah aliitazama ile kamba. "Una majibu kama wakili," akasema. "Mimi nasimama mbele ya watu nasema, sasa angalieni punda, na punda hayuko. Wananicheka mimi. Jumatatu nitaongea na Bwana Alexander."

Bwana Alexander alikuwa ofisa wa masilahi ya wafanyakazi. Holi, mashine na nyumba zote zilikuwa chini yake.

Mgeni alipoondoka nilimwuliza mume wangu, "Ni kweli hukukata?"

"Wewe pia?" akasema, akatoka nje.

Hakusema hapana. Hilo ndilo nililobaki nalo.

Kwa sababu mimi nilijua jambo ambalo Hezekiah hakulijua. Makori hakuwa akikata kwa ajili ya kanisa. Mtu anayefanya kazi Jumamosi mchana kutwa, na ambaye pasta akipita anaingia chooni, hawezi kuamka siku moja akaanza kufunika magoti ya wanawake wa Kimarekani. Kama alikuwa akikata, alikuwa na sababu nyingine. Na siku mbili baadaye nikavuta lile kopo.

Nilipeleka vipande dirishani. Nilimwona Chifu, mdogo kama punje ya mchele. Niliwaona wanawake, nyuso zao, miguu yao, kipande baada ya kipande. Kisha nikavinusa, sijui kwa nini, labda kwa sababu tangu utotoni nimezoea kunusa kitu kabla ya kukiamini. Vilinuka chai. Si chai ya sufuria. Ile harufu kali ya majani yanayotoka motoni, harufu ya kiwandani.

Basi nikajua, au nikafikiri najua. Mlango kwa mlango na draya kuna chumba cha kuchambulia majani, na waliofanya kazi humo walikuwa wanawake, wengi wasichana. Niliona yote kana kwamba ninaonyeshwa kwenye shuka: mume wangu anapenya na vipande vyake mfukoni wakati wa mapumziko, msichana ananyanyua kipande kwenye dirisha, anacheka. Sikuwa na jina lake. Nilimpa nyuso za wote.

Nilirudisha kopo mahali pake, nikapaka unga wa wimbi kidogo sana juu ya mfuniko. Kesho yake asubuhi alipokwenda kazini nilichungulia. Unga ulikuwa umefutika. Siku hiyo nilimwangalia anavyoingia nyumbani: kabla hajavua koti aliinama kana kwamba anafungua viatu, akatupa jicho chini ya kitanda. Nilimwekea chakula. Alikula. Alisema chumvi imepungua. Nikasema labda mkono wangu umechoka. Tulilala tukiwa tumegeukia kuta mbili.

Bwana Alexander alikuja Jumapili baada ya chakula cha mchana, kabla ya sinema, Hezekiah akiwa nyuma yake. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni, na upole wake uliniogopesha zaidi.

"Sikuja kugombana," alisema alipokaa. "Makori, ulikata?"

"Sikukata, bwana."

"Lakini kila ikikatika kuna kipande kinatoka. Umesema hivyo kwa Hezekiah."

"Ndiyo."

"Viko wapi?"

Nilikuwa nimesimama karibu na jiko, sufuria mkononi. Makori hakunitazama.

"Nilitupa," akasema.

"Vyote?"

"Vyote."

Bwana Alexander akashusha pumzi. "Unaona shida yangu. Filamu imefupika na mwenye kuitunza hana cha kunionyesha. Nikisema nakuamini, watu wa kambi watauliza nimeamini nini. Nitampa mtu mwingine mashine. Na nyumba hii ni ya mtu wa mashine. Mwisho wa mwezi mtahama."

Hezekiah alikuwa akiangalia kofia yake. Nadhani hakuwa amefikiri mambo yatafika nyumbani.

Nilingoja Makori aseme kitu. Alikuwa akitazama meza. Nikaweka sufuria chini, nikaingia chumbani, nikapiga magoti. Nilikuwa na hasira, siwezi kusema vingine. Nilitaka lile kopo lifike mezani na lolote litakalotoka humo litoke. Lakini nilipolifungua pale sakafuni mara ya mwisho, macho yangu ya kushona yaliona kitu ambacho macho yangu ya wivu hayakuona.

Mtu anayeshona anajua kitambaa kilichokatwa na kitambaa kilichochanika. Vipande vile vilikuwa vimechanika. Ncha zake zilikuwa na meno, zimepasuka kutoka tundu hadi tundu, nyingine zimepinda pale mashine ilipozing'ata. Hakuna mkasi uliopita hapo. Nilivigeuza kimoja kimoja, haraka. Vyote vilikuwa hivyo.

Isipokuwa kimoja. Kilikuwa na picha nne, na ncha zake zote mbili zilikuwa zimenyooka kama pindo. Kwenye picha hizo hakukuwa na Chifu wala pipa. Kulikuwa na mwanamke mmoja, amevaa kofia pana, anamcheka mtu asiyeonekana.

Sikufikiri. Nilikifunga kwenye ncha ya leso yangu, nikakaza fundo, nikatoka na kopo.

"Hakutupa," nikasema. "Viko hapa."

Makori alinyanyuka kidogo kwenye kiti, kisha akakaa tena. Bwana Alexander akavimwaga mezani akavipeleka dirishani, kimoja baada ya kimoja, taratibu, huku mimi nikimweleza habari ya kukata na kuchanika. Alikubali. Alitaka kunyoosha kipande kilichojikunja, kikakatika vidoleni mwake, tap, bila hata kukivuta.

"Mbona iko hivi?" akauliza. "Filamu inapinda. Hii inavunjika."

Hezekiah akanyoosha mkono akachukua nusu yake. Aliiviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anavyofanya na jani kila siku ya maisha yake ili kujua limenyauka kiasi gani. Kisha akainusa. Nikaona uso wake unabadilika.

"Hii imekaushwa," akasema. "Makori. Hii imepita kwa draya."

Nje watu walikuwa wameanza kuelekea holini.

"Ilikuwa na ukungu," Makori akasema mwishowe. "Nilikuwa nafungua mikebe naiweka juu ya bati la draya, siku mbili, siku tatu. Ukungu ukatoka. Nikaona ni vizuri, nikaendelea kila wiki isije ikarudi. Nilipogundua inakauka kupita kiasi ilikuwa imeshakauka. Imesinyaa. Matundu hayalingani tena na meno ya mashine, ndiyo maana inatetemeka, ndiyo maana inachanika."

"Nani alikuambia filamu inakaushwa kama chai?" Bwana Alexander akauliza.

"Hakuna mtu. Ni akili yangu."

Alisema hivyo akitazama mlango. Na hapo ndipo niliposikia mwiko wangu ukigonga sufuria ile jioni ya ukungu, na mdomo wangu ukisema habari za wimbi. Alikuwa amenisikiliza. Alikuwa ameficha vipande ili nisivinuse nikajua kwamba ni neno langu lililoiharibu filamu.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye nilimwambia akaushe."

Bwana Alexander akatuangalia sisi wawili. Hezekiah akaanza kucheka chini kwa chini, mabega yakimtikisika.

"Bwana, wasamehe," akasema. "Mimi mwenyewe ningefanya vile vile. Ukinipa hata Biblia imelowa nitaipeleka kwa draya. Hapa kwetu tunajua dawa moja."

"Sawa," Bwana Alexander akasema, lakini kalamu ilikuwa bado mkononi. "Imekauka yote, magurudumu matatu. Kwa nini inachanika pale kwa wanawake tu?"

Makori akamgeukia Hezekiah. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa na sauti yake ya kawaida.

"Jangwa limepita kwenye mashine mara moja kila Jumapili, Heze. Pipa limepita mara ngapi? Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Nani alikuwa akigeuka kuniuliza kama tumetosheka?"

Hezekiah aliacha kucheka. Alikiweka kile kipande koponi kwa uangalifu, kama anayerudisha yai kwenye kiota.

"Ungeniambia nisirudishe," akasema.

"Watu mia mbili. Ningewaambia nini?"

Uamuzi ulitoka palepale. Filamu isikaribie kiwanda. Hakuna kurudisha. Makori abaki na mashine, na kopo libaki naye kama ushahidi, mtu akiuliza aonyeshwe. Hezekiah alikunywa chai ile aliyoikataa siku za nyuma, vikombe viwili, akasahau kofia.

Alasiri hiyo, Chifu alipoingia kwenye pipa, Makori aliizima taa kabla ya kufika mahali palipochanika. Holi likawa giza, watu wakaanza kupiga miluzi. Ndipo Hezekiah akaanza kusimulia gizani, kwa mdomo tu, suruali, punda, marinda, viatu. Aliongeza mambo ambayo hayakuwahi kuwamo. Alipomaliza mtu mmoja akasema rudisha, na yeye akajibu, "Nimekauka, mzee," watu wakacheka bila kujua kwa nini Makori anacheka kuwazidi.

Nami nilicheka. Lakini fundo la leso lilikuwa limenikaa ubavuni.

Jioni, watoto walipokuwa nje, Makori alimwaga kopo mezani. Alivipanga vipande kwa kidole, akavipanga tena. Akaangalia chini ya meza. Nilikuwa namenya viazi.

"Umepoteza kitu?" nikamwuliza.

Alivirudisha vipande koponi kimoja kimoja. "Hapana," akasema.

Basi tukaishi hivyo. Sikumwuliza yule mwanamke ni nani kwake, kwa sababu kuuliza kulikuwa ni kukiri kwamba nilimwibia. Naye hakuuliza kipande kiko wapi, kwa sababu kuuliza kulikuwa ni kukiri kwamba yeye aliyesema hakukata, alikata mara moja. Wakati mwingine tukiwa tumekaa vizuri, mvua ikinyesha, nilimwona ananitazama usoni kwa muda mrefu, na nikafikiri, sasa atasema. Akasema habari za mvua. Nami nilimwangalia kila alipoongea na msichana wa kuchambua, njiani, kanisani, miaka sita. Sikuona kitu. Kutoona hakukunitosha.

Kifua kilimchukua Makori mwaka jana, Agosti. Vumbi la majani, walisema hospitalini. Tulimpeleka nyumbani kwao, na Hezekiah alisafiri kutoka Merigi kuja kusimama kaburini. Hakuongea, na watu waliomfahamu walishangaa.

Niliporudi kambini kukusanya vitu, maana nyumba ilikuwa inangoja mtu mwingine wa mashine, nilifumua pindo la gauni langu la Sabato. Humo ndimo kilimokuwa kile kipande kwa miaka yote hiyo, nimekishona ndani ya kitambaa. Nyanchoka alikuwa akinisaidia kufunga vyombo. Nilimwambia yote. Alikwenda kuazima kioo cha kukuzia kwa karani, akarudi, akakaa nacho dirishani kwa muda.

"Mama Gekara," akasema. "Huyu ana mwanya. Hapa mbele, kama wako. Hata anavyocheka ni wewe ukicheka. Angalia mwenyewe, halafu uone aibu."

Nikachukua kioo. Mwanamke wa kofia pana alikuwa akicheka, mdomo wazi, na katikati ya meno yake ya juu kulikuwa na mstari mwembamba. Niliangalia picha ya pili, ya tatu, ya nne. Mstari ulikuwapo kwenye zote.

Lakini filamu ile ilikuwa imejaa mistari. Mkwaruzo ukianza unashuka na kupita picha zote zinazofuata, Makori mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Na mwanya nao, kama ni mwanya, utakuwapo kwenye picha zote nne. Niliangalia kama mstari unaendelea juu, kwenye kofia. Kuna mstari kwenye kofia. Sijui kama ni ule ule.

Nimekitazama mara nyingi tangu siku ile, mchana, jua likiwa kali. Nyanchoka anasema hana shaka kwamba Makori alikikata kwa ajili yangu. Mimi nimekirudisha koponi pamoja na vingine, na kopo nimeliweka chini ya kitanda, upande wake.